Pivoti kwenye Excel: kugrupu na kupanga data hatua kwa hatua

Mbona pivoti yangu inahesabu badala ya kujumlisha? Mbona tarehe zinagoma kukaa kwa mwezi? Nimeongeza data mpya mbona haionekani? Haya maswali nayajibu kila leo, watu tofauti majibu yaleyale, kwahiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Ukikwama unarudi hapa.

Nadharia kidogo tu halafu tuingie kazini. Pivoti ni muhtasari. Una orodha ndefu, tuseme mistari elfu nne ya mauzo, pivoti inaichukua inaikunja vile utakavyoiambia, kwa tawi, kwa bidhaa, kwa mwezi, na ile orodha yako ya asili haiguswi hata kidogo. Hilo ndo likutoe woga. Ukiivuruga pivoti unaifuta unaanza upya, data ipo palepale.

Kabla hujaanza uwe na hivi

Excel, yoyote ya kuanzia 2013 kuja juu. Majina ya vitufe nayaandika kama yanavyoonekana kwenye Excel ya Kiingereza maana ndo wengi wanayo. Google Sheets na LibreOffice Calc nazo zina pivoti, chini huko nimegusia tofauti zake.

Data iliyokaa kiorodha: mstari wa kwanza ni vichwa, kila kolamu inabeba kitu cha aina moja, kila mstari ni tukio moja. Yaani hivi:

Tarehe | Tawi | Muuzaji | Bidhaa | Idadi | Bei | Jumla
03/01/2024 | Kaskazini | Asha | Daftari | 2 | 100 | 200
03/01/2024 | Kusini | Juma | Kalamu | 10 | 20 | 200
04/01/2024 | Kaskazini | Asha | Daftari | 4 | 50 | 200

Na uwe na swali. Sitanii. Watu wanafungua pivoti wanaburuta kila kitu kinachoburutika halafu wanashangaa mbona haieleweki. Andika pembeni kwanza, "nataka kuona kila tawi limeuza kiasi gani kila mwezi", hapo tayari unajua tawi linakaa wapi, mwezi unakaa wapi na namba gani inajumlishwa.

Hatua ya 1: safisha data

Hii hatua ndo ndefu na ndo inayorukwa. Karibu kila tatizo nililowahi kuulizwa kuhusu pivoti halikuwa la pivoti, lilikuwa la data iliyo chini yake. Pitia haya:

Kila kolamu iwe na kichwa. Kichwa kimoja kikiwa wazi, Excel inakugomea papo hapo inakwambia jina la fildi (yaani kolamu) si sahihi, na haikuonyeshi ni kolamu ipi. Angalia pia kolamu zilizofichwa, mara nyingi mchawi yuko huko.

Hakuna seli zilizounganishwa. Najua zinapendeza, jina la tawi limekaa katikati ya mistari kumi, lakini ukishaunganisha, jina lipo kwenye mstari wa kwanza tu, tisa iliyobaki ni mitupu na pivoti itaiweka kwenye kundi linaloitwa blank. Tenganisha seli, kisha chagua kolamu nzima ya data, bonyeza Ctrl+G, Special, Blanks, OK. Sasa zimechaguliwa zile tupu tu. Andika alama ya =, bonyeza mshale wa juu, halafu Ctrl+Enter. Zote zinajazwa jina la juu yake kwa mpigo. Ukimaliza ikopi kolamu uipesti kama Values ili fomula zisibaki humo.

Toa mistari ya jumla iliyo katikati ya data. Kama mtu aliweka "Jumla ya Januari" ndani ya orodha, pivoti haijui kwamba hiyo ni jumla, itaihesabu kama mauzo mengine na namba zako zitakuwa karibu mara mbili. Hili ni kosa baya kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa kukuonya, ripoti inatoka safi kabisa na ni ya uongo.

Tarehe ziwe tarehe kweli. Seli inaweza kuonyesha 03/01/2024 na bado ikawa ni maandishi tu. Kwenye kolamu tupu ya pembeni andika =ISNUMBER(A2), ikikupa TRUE ni tarehe, ikikupa FALSE ni maandishi. Dawa: chagua kolamu ya tarehe, nenda Data, Text to Columns, Next, Next, chagua Date halafu DMY kama tarehe zako zinaanza na siku, kisha Finish. Usiruke hapo kwenye DMY, la sivyo tarehe 3 mwezi wa 1 inaweza kugeuka kuwa tarehe 1 mwezi wa 3 na hutajua.

Majina yaandikwe aina moja. "Daftari" na "Madaftari" kwa pivoti ni bidhaa mbili. "Kusini" yenye nafasi mwishoni inaweza kukutokea kama Kusini wa pili. Fomula ya TRIM inaondoa nafasi za ziada, ila kama data umeikopi kutoka kwenye tovuti kuna nafasi za aina nyingine ambazo TRIM haizioni, hapo tumia =TRIM(SUBSTITUTE(B2;CHAR(160);" ")), na kama Excel yako inatumia koma badala ya nukta mkato basi weka koma.

Na miezi isiwe kolamu. Ukiwa na kolamu ya Januari, ya Februari, ya Machi, hiyo tayari ni ripoti, siyo data, na pivoti itakusumbua sana. Igeuze kwanza, kwa Excel ya 2016 kuja juu: nenda Data, From Table/Range, likifunguka dirisha la Power Query chagua zile kolamu za utambulisho kama Tawi na Bidhaa, bonyeza kulia, Unpivot Other Columns, halafu Close & Load. Miezi yote inashuka inakuwa kolamu moja.

Hatua ya 2: ifanye iwe Table

Simama popote ndani ya data, bonyeza Ctrl+T, hakikisha kumewekwa tiki kwamba ina vichwa, OK. Kwenye Table Design ipe jina, mfano Mauzo. Faida yake: ukiongeza mistari chini, Table inajitanua yenyewe na pivoti itaifuata ukii-refreshi (yaani ukiisasisha, iko hatua ya 9). Usipofanya hivi utakuja kuuliza lile swali la data mpya kutoonekana.

Hatua ya 3: ingiza pivoti

Ukiwa bado ndani ya data, nenda Insert, PivotTable. Inakuuliza uiweke wapi, chagua New Worksheet. Mimi siipendi kabisa ile ya kuiweka shiti ileile ya data, pivoti inakua inashuka na kupanuka, na ikikutana na pivoti nyingine inagoma na kukwambia zinapandiana.

Hatua ya 4: buruta fildi

Upande wa kulia una majina ya kolamu zako na visanduku vinne. Rows ni kinachoshuka chini, Columns ni kinachokwenda kulia, Values ni namba za kukokotoa, Filters ni za kuchuja ripoti nzima. Kwa swali letu: Tawi liende Rows, Tarehe iende Columns, Jumla iende Values. Basi, hiyo ni pivoti tayari.

Kitu chenye aina nyingi, kama majina ya bidhaa mia mbili, kiweke Rows, usikiweke Columns. Kusogeza shiti kwenda kulia milele hakuna anayependa. Ukiweka viwili kwenye Rows, mpangilio una maana: Tawi juu ya Bidhaa inakupa bidhaa ndani ya kila tawi, ukigeuza unapata matawi ndani ya kila bidhaa. Jaribu zote uone, ni kuburuta tu.

Hatua ya 5: hakikisha inajumlisha

Angalia juu ya namba pameandikwa Sum of Jumla au Count of Jumla. Ikiwa Count, ndani ya kolamu yako kuna mahali pana maandishi, kuna mtu ameandika "bado" au kistari, na kwa matoleo ya zamani hata seli tupu inatosha kuleta Count. Bonyeza kulia kwenye namba, Summarize Values By, Sum. Lakini kabadilishe na kwenye data, maana lile neno "bado" Sum inaliruka kimya kimya.

Hapohapo weka muundo wa namba, ila bonyeza kulia uchague Number Format, usichague Format Cells. Ya kwanza inaishika fildi nzima hata pivoti ikibadilika umbo, ya pili inashika seli tu.

Hatua ya 6: grupu tarehe

Hapa ndo utamu wa pivoti ulipo. Kuanzia Excel 2016 ukiburuta tarehe mara nyingi inajigrupu yenyewe, ukiona hujaipenda bonyeza Ctrl+Z mara moja tarehe zinarudi zilivyokuwa. Kufanya mwenyewe: bonyeza kulia kwenye tarehe yoyote ndani ya pivoti, Group, chagua Months na Years kwa pamoja.

Hiyo "na" nimeiweka makusudi. Ukichagua Months peke yake na data yako ina miaka miwili, Januari ya 2023 na Januari ya 2024 zinajumlishwa kuwa Januari moja. Tena hakuna onyo lolote.

Unataka kwa wiki? Hakuna kitufe cha wiki. Kwenye dirisha lilelile la Group chagua Days tu, zingine zote zitoe, sehemu ya Number of days itawaka, andika 7. Halafu kwenye Starting at weka tarehe ya Jumatatu iliyo kabla ya data yako kuanza, la sivyo wiki zako zitaanzia siku yoyote ile ambayo data imeanzia.

Hatua ya 7: grupu namba na majina

Namba zinagrupika vilevile. Tuseme unataka kujua mauzo mengi ni ya ukubwa gani. Weka Jumla kwenye Rows, weka tena Jumla kwenye Values iwe Count, bonyeza kulia kwenye zile za Rows, Group, Starting at 0, By 100. Utapata mafungu ya mia mia. Ile 100 kamili inaingia fungu la pili, siyo la kwanza, usije ukabishana na mtu bure.

Majina je? Shikilia Ctrl, bofya moja moja unayoyataka, mfano Kalamu na Penseli, bonyeza kulia, Group. Linatokea kundi linaitwa Group1, simama juu yake uandike jina lako, "Vya kuandikia". Ni rahisi, ila mimi naitumia kwa kazi ya mara moja tu. Kesho ikiingia bidhaa mpya, Makapeni tuseme, haijiungi na kundi, inakaa peke yake nje. Kama makundi ni ya kudumu, ongeza kolamu ya Aina kwenye data yenyewe uachane na haya.

Hatua ya 8: panga muonekano

Excel ikikupa pivoti inarundika kila kitu kwenye kolamu moja, Tawi na Bidhaa zote zimebanana kushoto. Nenda Design, Report Layout, Show in Tabular Form. Kila fildi inapata kolamu yake. Hapohapo kuna Repeat All Item Labels, inarudia jina la tawi kila mstari, inafaa sana kama utaikopi kuipeleka kwingine. Kwenye Subtotals chagua Do Not Show Subtotals kama jumla ndogo zinajaza ukurasa.

Seli tupu zinakera? Bonyeza kulia, PivotTable Options, kwenye For empty cells show weka 0. Kwenye dirisha hilohilo toa tiki ya Autofit column widths on update, ili upana wa kolamu ulioupanga usiharibike kila uki-refreshi. Hii ya pili ningekuwa na uwezo ningeitoa kwenye Excel zote duniani.

Jina la Sum of Jumla unaweza kulibadilisha, lakini ukiandika "Jumla" tupu inagoma maana jina hilo lipo tayari kwenye data. Andika "Jumla " ukiacha nafasi mwishoni, inakubali.

Asilimia nazo ni za haraka: buruta Jumla mara ya pili kwenye Values, bonyeza kulia kwenye hiyo ya pili, Show Values As, % of Grand Total. Una kiasi na asilimia bega kwa bega.

Hatua ya 9: refreshi

Kwenye matoleo mengi pivoti ya Excel haijisasishi yenyewe. Ukibadilisha data, bonyeza kulia kwenye pivoti, Refresh, au Alt+F5. Kwa pivoti zote za faili ni Ctrl+Alt+F5. Kabla hujatuma ripoti kwa bosi fanya hivyo hata kama unahisi umeshafanya.

Na kabla hujatuma, jua pia kwamba pivoti inabeba kopi ya data ndani yake. Umefuta shiti ya data ukadhani umeficha mishahara ya watu, mpokeaji akibofya mara mbili juu ya namba yoyote ya pivoti, mistari yote iliyotengeneza ile namba inafunguka kwenye shiti mpya. Kwako wewe ni kitu kizuri cha kukagua namba inayokutia shaka, kwa mtu wa nje ni hatari. Ukituma nje, kopi pivoti uipesti kama Values kwenye faili jipya.

Mtego wa Calculated Field

Huu nimeupa nafasi yake maana unawakamata hata wazoefu. Hauna kolamu ya Jumla, una Idadi na Bei tu, unaona kuna kitu kinaitwa Calculated Field unaandika =Idadi*Bei. Inafanya kazi, namba inatoka, na ni makosa. Chukua ile mistari miwili ya Asha: 2 kwa 100 ni 200, 4 kwa 50 ni 200, jumla 400. Calculated Field inajumlisha kwanza halafu ndo inazidisha: idadi 6, bei 150, jibu 900. Kwahiyo kuzidisha kwa mstari mmoja mmoja kufanyie kwenye data, ongeza kolamu ya Jumla, halafu pivoti ijumlishe. Calculated Field iache kwa vitu kama faida gawanya kwa mauzo, ambako unataka kweli jumla igawanywe kwa jumla.

Ukikwama

*Inasema Cannot group that selection.* Ndani ya kolamu ya tarehe kuna maandishi au seli tupu, hata moja inatosha kwenye matoleo mengi. Rudi hatua ya 1, rekebisha, refreshi, jaribu tena. Pia hakikisha umebonyeza juu ya tarehe yenyewe, siyo juu ya kichwa chake.

*Data mpya haionekani hata baada ya kurefreshi.* Hukutumia Table. Nenda PivotTable Analyze, Change Data Source, chagua eneo upya, au bora zaidi igeuze data iwe Table kisha andika jina la Table hapo.

*Miezi imejipanga Agosti, Aprili, Desemba.* Umeandika majina ya miezi kama maandishi na Excel inayapanga kialfabeti, mara nyingi haiyajui majina ya miezi ya Kiswahili. Ama tumia tarehe halisi na ugrupu, ama nenda File, Options, Advanced, shuka chini mpaka Edit Custom Lists uiandikie Januari hadi Desemba kwa mpangilio, kisha refreshi na upange upya A kwenda Z.

*Nimegrupu pivoti moja na nyingine nayo imebadilika.* Zinatumia kumbukumbu moja ya data. Ukitaka zitengane, ya pili itengeneze kwa njia ya zamani: bonyeza Alt, achia, D, kisha P, fuata dirisha linalokuja, likikuuliza kama utumie data ya pivoti iliyopo sema No.

*Kwenye filta yanaonekana majina niliyokwisha yafuta.* PivotTable Options, Data, Number of items to retain per field weka None, halafu refreshi.

*Nikiandika fomula nikabofya kwenye pivoti inaleta fomula ndefu ya GETPIVOTDATA.* PivotTable Analyze, mshale mdogo wa Options, toa tiki ya Generate GetPivotData. Au andika tu anwani ya seli kwa mkono.

*Nataka idadi ya wateja bila kurudia, Count inahesabu kila mstari.* Tengeneza pivoti upya, na pale unapoulizwa uiweke wapi weka tiki Add this data to the Data Model. Sasa kwenye Value Field Settings ukishuka mwisho kuna Distinct Count. Ila pivoti ya namna hii haina Calculated Field ya kawaida, kwahiyo usiwashe kama huihitaji.

*Natumia Google Sheets.* Insert, Pivot table, unaongeza kwa kitufe cha Add. Kugrupu tarehe: bonyeza kulia kwenye tarehe, Create pivot date group, na ukitaka miaka isichanganyike chagua Year-Month. Yenyewe inajisasisha bila refreshi, ila eneo la data halijitanui kila mara, ukiongeza mistari nje ya eneo ulilochagua haitaingia. Ukichagua kolamu nzima kama A:G utapata na kundi tupu, lichuje kwenye Filters.

*Natumia LibreOffice.* Insert, Pivot Table, visanduku ni vilevile kwa majina tofauti kidogo. Kugrupu, simama kwenye tarehe au namba ubonyeze F12. Kurefreshi ni bonyeza kulia, Refresh.